Kuonja Madrid kwa Miguu: Lipa Mara Moja, Ujue Kula Wiki Nzima

Njaa ya Madrid ina saa zake. Mkenya aliyezoea kula chakula cha jioni saa moja anatoka chumbani akiwa tayari kabisa, kumbe jikoni nyingi hata hazijawasha moto. Wenyeji hula chakula cha mchana kati ya saa nane na saa kumi, na cha jioni kuanzia saa tatu usiku. Hapo katikati, wanaokuita kwa bidii ni wale wenye mabango ya picha za paella mlangoni. Na paella ni chakula cha Valencia, tena wenyeji hukila mchana. Mgeni mwenye njaa hajui hilo. Anaketi, anakula, anaacha euro zake.

Ndiyo maana msimu wa safari ukikaribia, swali hili hurudi: zile ziara za kuonja vyakula kwa miguu, mnazunguka baa na mikahawa mkiwa kikundi kidogo na mwongozaji, zina thamani ya pesa zake? Iwe unaenda Uhispania kwa kongamano, kwa masomo au kumwona Real Madrid pale Bernabéu, hiyo pesa umeitafuta kwa jasho.

Jibu letu ni ndiyo, kwa sharti moja: nunua ziara ya siku ya kwanza au ya pili. Ukiinunua ya siku ya mwisho, umelipia mlo ghali. Ukiinunua ya siku ya kwanza, umelipia mlo pamoja na somo la kuagiza na kulipa, na somo hilo utalitumia kila siku iliyobaki. Hebu tukuonyeshe kwa nini, na jinsi ya kulipa bila pesa yako kuvuja njiani.

Ziara yenyewe ikoje?

Kwa kawaida ni mwongozaji mmoja, watu wanane hadi kumi na wawili, na saa tatu au nne za kutembea polepole. Kila mnaposimama mnaonja kitu kimoja au viwili, mara nyingi mkiwa mmesimama kaunta, kisha mnahamia pengine. Wahispania wenyewe hula hivyo. Wanaenda baa hii kwa sababu ya kamba wake, na ile ya pili kwa sababu ya mayai yake, wakipiga gumzo njiani.

Udogo wa kikundi una kazi yake. Baa nyingi za mji wa kale ni nyembamba kama kibanda chetu cha chakula saa ya lanchi. Watu thelathini hawaingii. Kikundi kikubwa kitapelekwa penye nafasi, yaani palipotengenezewa watalii. Kikundi kidogo kinajipenyeza penye wenyeji, na mwongozaji anapata muda wa kukujibu ukiuliza kilicho ndani ya sahani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta mstari unaotaja idadi ya juu ya watu. Kama haupo, waandikie uwaulize.

Kabla hujabonyeza "Lipa"

*Viza kwanza.* Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen kuingia Uhispania. Kama bado hujaipata, chagua ziara inayokuruhusu kughairi na kurudishiwa pesa zote, kisha soma siku na saa ya mwisho ya kughairi. Kumbuka saa hiyo ni ya Uhispania, ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wao wa kiangazi na saa mbili wakati wao wa baridi.

*Soma kilichomo kwenye bei.* Je, ni vyakula vyote au vingine utajilipia? Vinywaji vimo? Vingapi? Ziara ya bei ya chini ambayo haina vinywaji yaweza kukugharimu zaidi ukifika mwisho.

*Lipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu.* Weka humo kiasi unachohitaji tu, pamoja na nyongeza kidogo, kwa sababu bei ni ya euro na kiwango cha kubadilisha hupanda na kushuka. Halafu usiifute kadi hiyo kabla ziara haijafanyika. Ukighairi, pesa hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa, na kadi iliyofutwa huleta usumbufu.

*Washa laini yako ifanye kazi nje ya nchi kabla hujaondoka Kenya.* Malipo mengi ya mtandaoni huhitaji nambari ya uthibitisho inayokuja kwa SMS. Laini ikiwa imezima, malipo yanakwama ukiwa umesimama kaunta. Na nambari hiyo ni yako peke yako. Hata sisi hatutakuomba.

*Kataa "nitumie mimi nikushikie nafasi".* Mtu akikupata kwenye mtandao wa kijamii akitaka utume pesa kwa nambari yake binafsi ili akuwekee nafasi kwa bei nafuu, achana naye. Ziara halali inakupa risiti, mahali pa kukutania na masharti ya kughairi.

Njia: dakika ishirini, miaka mia tatu

Ziara za mji wa kale wa Madrid huzunguka eneo dogo kati ya uwanja wa Puerta del Sol na mtaa wa La Latina. Ukienda moja kwa moja ni kama dakika ishirini kwa miguu. Hata ziara yako ikichagua baa nyingine, hapa ndipo penye mifano ya kukumbuka.

Karibu na Puerta del Sol kuna Casa Labra, iliyofunguliwa mwaka wa 1860. Watu hupanga foleni kwa ajili ya bacalao: samaki aliyehifadhiwa kwa chumvi, akaloweshwa maji, kisha akavikwa unga na kukaangwa. Mwaka wa 1879 chama cha kisoshalisti cha Uhispania, PSOE, kilianzishwa humo kwa siri, watu wakijifanya wamekuja kula tu.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye kichochoro, kuna Chocolatería San Ginés ya tangu 1894. Wanauza churros, unga uliokamuliwa mrefu kama kidole na kukaangwa. Ukizoea mahamri utatafuta hiliki na nazi, na hutazipata. Utamu uko kwenye kikombe: chokoleti moto, nzito, ya kuchovya.

Mbele kidogo liko soko la San Miguel, jengo la chuma na vioo lililofunguliwa 1916. Tangu 2009 ni soko la kula papo hapo zaidi kuliko la kununua mboga za nyumbani. Linapendeza sana, na bei zake si mchezo. Onja kitu kimoja, piga picha, endelea.

Jirani yake ni uwanja wa Plaza Mayor, ambapo chakula cha mtaani ni bocadillo de calamares: mkate uliojazwa pete za ngisi waliokaangwa. Madrid, kama Nairobi, haina bahari, lakini wenyeji wake wanapenda vyakula vya baharini kama watu wa Mombasa. Utakuta pia pulpo a la gallega, pweza aliyechemshwa akakatwakatwa, juu yake chumvi, unga wa pilipili nyekundu na mafuta ya zeituni. Aliyekula pweza jioni kule Pwani atataka kulinganisha.

Ukishuka ngazi za Plaza Mayor unafika barabara ya Cuchilleros, penye Sobrino de Botín. Mkahawa huo ni wa mwaka wa 1725, na Guinness inautambua kuwa mkongwe kuliko yote duniani. Sifa yake ni mtoto wa nguruwe anayechomwa kwenye tanuri la kuni. Ziara ikikupitisha nje tu usishangae. Humo ni mahali pa kuketi, na bei yake ni ya kuketi.

Mwisho ni Cava Baja, barabara ya La Latina iliyojaa baa mlango kwa mlango. Hapa ndipo Mkenya anajihisi nyumbani. Tortilla de patatas ni mayai na viazi, ndugu wa chipsi mayai, ila ni nene na mara nyingi katikati ina ulaini wa kumwagika. Wenyeji hubishana kama iwekwe vitunguu au isiwekwe, na hawajaelewana hadi leo. Morcilla ni soseji ya damu; mla mutura hahitaji maelezo zaidi. Na callos ni matumbo, yamepikwa polepole kwenye mchuzi mwekundu mzito.

Hata maneno yatakuita. Waarabu na Waislamu wa Afrika Kaskazini waliingia Uhispania mwaka wa 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ikaanguka 1492. Waliacha mashamba na maneno jikoni. Ndiyo maana sukari kwao ni azúcar, zafarani ni azafrán na zeituni ni aceituna. Sisi na wao tulikopa kwenye duka moja.

Kama huli nguruwe au hunywi pombe

Sema wakati wa kuweka nafasi, kwa maandishi. Usingoje kaunta. Vyakula vya Madrid vina nguruwe mahali ambapo huwezi kumwona. Zile callos zinazofanana na matumbo yetu huwekwa chorizo na morcilla. Croquetas, zile mviringo za kukaanga zenye uji mzito wa maziwa ndani, mara nyingi huwa na vipande vya jamón. Maneno ya kukariri ni haya: cerdo ni nguruwe, jamón ni paja lake lililokaushwa kwa chumvi, lomo ni nyama ya mgongo, na manteca ni mafuta yake. "Sin cerdo" maana yake ni bila nguruwe. Upande salama zaidi ni samaki, pweza, kamba, tortilla, jibini na zeituni, lakini bado uliza kuhusu mafuta na kikaango.

Kuhusu kinywaji, baa nyingi zina mosto, maji ya zabibu ambayo hayajachachushwa. Inakuja kwenye glasi yenye barafu na hakuna atakayekuuliza maswali. Ziara inayojumuisha mvinyo uliza kama watakubadilishia, maana umeshaulipia.

Kwa mla nguruwe, somo la pesa liko kwenye rangi. Tangu mwaka wa 2014, paja la jamón ibérico huvalishwa lebo moja kati ya nne. Nyeusi ni nguruwe wa asili kamili ya ibérico aliyelishwa mbegu za miti ya mwaloni malishoni. Nyekundu ni mlo uleule, ila nguruwe ni chotara. Kijani ni aliyelelewa nje akila nafaka na majani. Nyeupe ni wa bandani. Mtu akikutoza bei ya nyeusi, omba kuiona lebo.

Kaunta ina sheria zake

Hapa ndipo ziara inapojilipa. Mtazame mwongozaji anavyoagiza, kisha umwige kesho yake.

Sahani moja ina ukubwa tatu. Tapa ni ya kuonja, media ración ni nusu, na ración ni sahani ya kugawana. Watu wawili wakiagiza ración tatu watashiba kabla ya ya tatu kufika, na italipwa vilevile. Anza na ndogo.

Bei ya kwenye menyu tayari ina kodi ya IVA, asilimia 10 kwa vyakula vya mkahawani, kwa hiyo haiongezwi chini. Kinachoweza kuongezeka ni mkate ulioletwa bila kuuomba, na tofauti ya bei kati ya kaunta na meza za nje. Vyote viwili angalia kwenye menyu kabla hujaketi. Kahawa ya kaunta na kahawa ya juani huenda zisilingane bei.

Maji usinunue kama huyahitaji ya chupa. Sheria ya mwaka wa 2022 inataka mikahawa na baa ziwape wateja maji ya mfereji bure. Sema "agua del grifo, por favor". Kwa wiki nzima hiyo si pesa ndogo.

Kulipa ni mwisho. Hawakuletei bili mpaka uiombe, maana kukuletea mapema ni kama kukufukuza. Sema "la cuenta, por favor". Bakshishi si lazima. Wengi huacha chenji tu au hawaachi kitu. Kwa mwongozaji wa ziara uliyolipia, kumpa ni hiari yako. Zile ziara zinazoitwa za bure ni tofauti, kwa sababu mwongozaji huyo anategemea unachompa mwisho, na mara nyingi chakula hakimo.

Granada, kusini mwa nchi, desturi ni nyingine tena: ukiagiza kinywaji, tapa inakuja bure. Madrid unaweza kupewa zeituni chache au usipewe kitu. Usilalamike.

Bote na Bizum: kuchanga kwa Kihispania

Marafiki wa Kihispania wakitoka pamoja wana njia inayofanana sana na ya kwetu. Kila mmoja anatoa kiasi sawa mwanzoni, pesa zinawekwa pamoja, na mtu mmoja analipa kila baa mpaka ziishe. Mfuko huo wanauita bote. Zikiisha, wanachanga tena au wanaenda kulala. Neno hilohilo ndilo jina la kopo la bakshishi kaunta, kwa hiyo usichanganye.

Vijana siku hizi humalizana kwa simu. Wana Bizum, huduma ya benki za Uhispania iliyoanza 2016, unayotuma pesa kwa nambari ya simu tu. Sisi tulianza kutuma kwa simu mwaka wa 2007, kwa hiyo ukiona wanashangilia, tabasamu. Tatizo ni moja: Bizum inataka akaunti ya benki iliyo kwenye mfumo huo, na mgeni wa wiki moja hana. Kikundi chenu kikitaka kugawana bili, mmoja alipe kwa kadi, nyinyi wengine mtumieni kwa shilingi simu kwa simu. Tumeni palepale mezani. Deni la safari likifika JKIA huwa limesahaulika.

Mashine ikiuliza: euro au shilingi?

Ukitoa kadi ya Kenya, mashine yaweza kukuonyesha bei mbili: moja ya euro, nyingine ya shilingi. Shilingi inavutia kwa sababu unaielewa. Chagua euro. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na upande wa mwenye mashine, na ndani yake mna faida yao. Ukichagua euro, kiwango ni cha mtandao wa kadi yako pamoja na ada uliyokwisha kuiona kwenye masharti yetu. Nyongeza hiyo huenda ikaonyeshwa kwa asilimia. Isome kabla ya kukubali. Mhudumu akikubonyezea haraka, mwambie "en euros, por favor".

ATM nayo huuliza swali hilohilo, na nyingi hutoza ada yao juu. Kwa hiyo toa keshi mara moja, kiasi cha kutosha, badala ya kidogo kidogo kila siku. Keshi bado inahitajika: baa nyingine ndogo hazipokei kadi kwa bili ya kahawa moja.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano wa ziara ya euro 90 kwa mtu, na euro moja tuiweke shilingi 150 ili hesabu iwe rahisi. Mtu mmoja ni shilingi 13,500. Wawili ni 27,000. Ukilipa kwa shilingi kwenye mashine yenye nyongeza ya asilimia 5, umeongeza 1,350 ambazo hazikununua hata zeituni moja.

Je, 13,500 ni nyingi kwa mlo? Ndiyo, ni nyingi. Ndiyo maana hatukushauri uzilipe kama unalala Madrid usiku mmoja, au kama ukikosa hizo utakopa nauli ya kurudi. Fanya hivi badala yake. Siku ya kazi mchana, kula menú del día: sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa, vyote kwa bei moja iliyoandikwa ubaoni. Mpango huu ulianza miaka ya 1960 na bado ndio mlo unaokupa thamani zaidi mjini. Jioni, kusanyeni bote. Watu wanne, euro 25 kila mmoja, ni shilingi 3,750 kwa kichwa. Anzeni Puerta del Sol, malizieni Cava Baja, tapa moja kila baa, na bote likiisha ziara imeisha.

Lakini kama una siku tano au zaidi, hujui Kihispania na unasafiri peke yako, ziara ya siku ya kwanza itakurudishia sehemu ya pesa yake kwenye mkate usioutaka, maji ya chupa, meza za nje na ración ya tatu. Kilichobaki umelipia kampuni ya watu kumi usiokuwa unawajua asubuhi, na hiyo kwenye mji mgeni nayo ina bei.

Kabla hujasafiri, ingia kwenye programu yetu uangalie mambo matatu: kadi yako ya mtandaoni inafanya kazi, kikomo chako cha malipo kinatosha, na laini imewashwa kwa matumizi ya nje. Kisha kula kidogo mchana wa siku hiyo. Sahani ni nyingi, na ya mwisho ndiyo tamu.